Kwani kila mzee wa Kijapani akitokea kwenye movi lazima upatu ulie?

Wakuu, nimetoka kuangalia sasa hivi, bisi hata sijamaliza. Mwongozaji mnamjua. Ni yuleyule, simtaji nisije nikampa umaarufu.

Mzee wa watu yuko zake Osaka, ghorofa ya tisa. Kavaa kimono saa saba usiku, haya, tumwachie. Kashikwa na kiu, anafungua friji achukue maji. GOOOONG! Upatu! Friji, jamani! Majirani wamelala!

Raia wa Japani walipigwa marufuku kutembea na panga tangu 1876, huyu babu anaenda na upanga dukani kununua mayai. Maua ya sakura, yale ya Kijapani ya mwezi wa nne, yanadondoka mwezi wa kumi na mbili. Sebuleni. Halafu anatokea Mmarekani kutoka Texas, kafundishwa siku tatu, kawapiga wote, babu analia, anamkabidhi upanga wa ukoo. Mjukuu wa damu kaachiwa taulo ashike.

Wala hawajaanza leo. 1961 walimvisha Mzungu, Mickey Rooney, meno ya bandia wakasema ndiye Mjapani. Movi ya geisha wa Kijapani ya 2005, wale kinadada watatu wakubwa wawili ni Wachina, mmoja wa Malaysia. Yote nimemeza. Lakini FRIJI?

Mzee_Kibatari: Nimeona "upatu" nikaja mbio nikijua kuna mtu kakimbia na hela za watu. Kumbe sinema. Mxiuuu.

BintiChumbageni: Kiingilio umelipa mwenyewe, hakuna aliyekuburuta. Tulia unywe maji. Ukifungua friji usishtuke 😂

Fundi Saa: Una nafuu wewe. Sisi wa vibanda vya video tulimwona ninja Mzungu tukaamini. Nilijifunga kanga ya bibi usoni nikaruka kutoka paa la choo. Mguu huu mpaka leo mvua ikikaribia unaniambia. Nimdai nani?

Ngosha_wa_Nera: Mnawalilia Wajapani, sisi je? Jua jekundu, mgunga mmoja, twiga anapita. Na Mmakonde akiigizwa anaongea kama Mnaijeria.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye friji.

Kaka_Mdogo: Mkuu, 2010 walimpeleka mtoto Beijing akafundishwa kung fu, na jina la movi wakaacha karate. Karate ni ya Okinawa, Japani! Wewe umekwama kwenye friji.

BintiChumbageni: Kibatari umenitonesha. Kuna mama mtaani kwetu, wa Chumbageni mnamjua. Tulikuwa kumi na wawili, elfu hamsini kila mwezi, zamu yangu ya tisa. Ilipoisha ya nane, simu haipatikani.

Mzee_Kibatari: Yule mwenye duka la vitenge?

BintiChumbageni: Huyohuyo! Na wewe?

Mzee_Kibatari: Mke wangu. Zamu ya kumi na moja.

Mleta mada: Mnaharibu uzi. Babu wa watu kafungua FRIJI upatu ukalia, hakuna hata mmoja anayeshtuka?

Fundi Saa: Wetu alisepa na laki sita, tukaja kusikia kanunua friji.

Mleta mada: La mlango mmoja au miwili?