Tupeane uzoefu: mliotoka kwenye filamu na pleti mkaingia uchapaji wa kidijitali, mlivukaje?

Mzee wa Pleti, Mwanza mjini

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenzangu wa filamu, meza ya mwanga na wembe, ambao sasa tunatafuta riziki kwenye mashine za kidijitali. Kuna mwenzetu ofisi yao inafunga chumba cha pleti, yale mabati ya kuchapia, ameniuliza kama umri wetu unaruhusu kuanza upya. Mimi naamini haanzi upya. Anaingia na jicho, na jicho halifundishwi kwa mwezi mmoja. Naanza, nanyi mfuate.

Kazi yangu ilikuwa kupanga filamu na kuchoma pleti. Picha ya rangi ilikuja na filamu nne: siani, majenta, njano na nyeusi. Kila moja vitone vyake vinavyounda picha vimelala pembe yake. Nyeusi nyuzi 45, njano 0, mbili zilizobaki 15 na 75. Pembe zikigongana, sura ya bibi harusi inaota maua kama kitenge. Nazipanga juu ya kioo, nalinganisha misalaba ya pembeni, nachungulia kwa kioo cha kukuzia, kisha fremu ya kuvuta hewa inayobana filamu kwenye pleti, taa, dawa, maji, gamu ya kulinda pleti. Yote hayo mchapaji bado hajagusa wino.

Ikaja mashine inayotoa pleti moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, filamu zikaisha, nikahamia duka la kidijitali. Kilichonitesa mwanzoni ni haraka ya wateja. Mtu kasimama kaunta, kikao cha harusi jioni, anataka kadi 100 sasa hivi. Kwenye ofseti, yaani mashine ya pleti, kadi 100 hazikuwa kazi. Pleti nne na karatasi za kujaribia zingemaliza hela yote. Huku nakala ya kwanza na ya mia gharama ni ile ile. Ila akija mtu na kalenda 5,000 namwambia ukweli apeleke ofseti, atalipa kidogo kwa kila nakala.

Sasa hilo jicho. Faili linakuja, maandishi meusi yamechanganywa rangi zote nne. Kwenye skrini huoni kitu. Ukichapa, herufi ndogo zinatoa ukungu mwekundu au wa bluu pembeni, kwa sababu rangi nne haziangukii mahali pamoja kabisa. Kijana anabadilisha tona, ule wino wa unga, anaita fundi. Mimi nafungua faili, narudisha maandishi kwenye nyeusi tupu, asilimia 100, kazi inatoka safi.

Dada wa Nyegezi

Shikamoo mzee wetu. Mimi nilikuwa napanga kurasa kwa programu ya PageMaker enzi hizo, nikitoa karatasi za kupeleka kupigwa filamu. Kompyuta haikunitisha, rangi ndiyo ilinitoa jasho. Mteja analeta nembo kwenye simu, bluu inayowaka. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, mashine inatengeneza kwa wino au tona, na bluu ile ikishuka kwenye karatasi inakuwa zambarau. Dawa yake ni kupunguza majenta. Mimi huiacha chini ya siani kwa asilimia 30 hivi. Halafu namchapia nakala moja, aione kwa mwanga wa nje, akikubali ndipo naendelea.

Jambo jingine: picha zinazotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida zinabanwa. Mwambie mteja aitume kama dokumenti. Hilo tu limeniokolea ugomvi mwingi.

Mabango Igoma

Shikamoo mzee, dada habari. Mimi nimepitia mlango wa mabango makubwa, na niseme wazi kuwa si kila tulichozoea kinatufaa huku. Kwenye filamu nilidai picha ya nukta 300 kwa inchi. Kwa kadi ni sawa. Bango la barabara ya kwenda Airport linatazamwa kwa mbali, nukta 100 au hata chini zinatosha, kuzidisha ni kuilemeza kompyuta bure. Umeme nao ni mtihani. Ukikatika bango likiwa katikati, mstari unabaki pale pale, na vichwa vya wino vikikaa muda bila kazi vinaziba.

Mvuvi wa Karatasi, Ukerewe

Ndugu zangu, tuwatie watu moyo lakini tusiwafiche. Ofisi niliyofanyia kazi mjini ilileta mashine mpya, ikachukua vijana, sisi wa pleti hatukupewa hata wiki ya mafunzo. Nilijifunzia kwa mpwa wangu, stationery, kwa posho ya nauli. Miezi hiyo nyumbani ilikuwa kazi kweli kweli.

Kilichonirudisha ni karatasi. Kadi za pale kwa mpwa wangu zilikuwa zinapasuka tona kwenye mkunjo, mstari mweupe katikati ya picha. Nikachana kipande: upande mmoja ulichanika moja kwa moja, mwingine ukapinda. Walikuwa wanakunja kinyume na nyuzi za karatasi. Tukageuza, tukapiga alama ya mkunjo kwanza, mpasuko ukaisha. Tangu siku hiyo naitwa kwenye kila kazi ya kukunja. Na kwa sisi wa ziwani, rimu ikishafunguliwa ifungeni tena, karatasi ikinyonya unyevu inajikunja na kukwama kwenye mashine.

Mzee wa Pleti, Mwanza mjini

Marahaba wanangu. Mvuvi, pole sana, na hilo la mafunzo waajiri walisome. Kwa huyo mwenzetu: anza na programu ya usanifu, CorelDRAW au Illustrator, ujue kuweka ziada ya milimita 3 pembeni kwa ajili ya kukata, na kutoa PDF ambayo fonti zake ziko ndani. Akija dukani kwetu Jumamosi mchana, kazi zikipungua, nitakaa naye. Waliotoka kwenye skrini ya wavu ya kuchapa fulana bado hatujawasikia, karibuni.