Doa jeupe la Mirihi: Desemba 2022 na Januari 2025 mbona halifanani?

mchora_sayari: Wakuu, habari za usiku. Nina darubini ya kioo cha inchi 8 na daftari la kuchorea sayari. Mchoro wangu wa Mirihi wa Desemba 2022 una weupe mpana kaskazini, umefifia kingoni, kama una ubuluu. Wa Januari 2025 una doa dogo, jeupe kweli kweli, ukingo umekatwa kama kwa mkasi, na kando yake pana weusi. Barafu ndiyo imebadilika hivyo?

Kibo_usiku: Una hakika ni kaskazini? Darubini za kioo hupindua picha.

mchora_sayari: Nasukuma bomba kidogo kuelekea kaskazini, sayari inakimbilia kusini. Nina hakika mkuu.

bi_mkubwa_wa_anga: Basi mwanangu umechora vitu viwili. Desemba 2022 kaskazini mwa Mirihi baridi ilikuwa inaishia. Majira ya chipuko kule yalianza tarehe 26. Msimu wa baridi ncha hujifunika wingu la chembe za barafu ya maji, ndilo uliloliona. Chini yake kuna baridi ya nyuzi 125 hivi chini ya sifuri, mpaka hewa ya ukaa inaganda ardhini. Na angahewa ya kule karibu yote ni hewa hiyo!

Chipuko kilichofuata cha Mirihi kilianza Novemba 2024. Kufika Januari wingu lilishapungua, ukaona barafu yenyewe ya hewa ya ukaa, nayo inasinyaa. Haiwi maji, inarudi kuwa hewa moja kwa moja. Ikimalizika hubaki kofia ndogo ya barafu ya maji, hiyo hudumu kiangazi chote. Weusi ule huenda ni Mare Acidalium, eneo jeusi la kaskazini mwa Mirihi: mchanga na miamba ya volkano, si tope.

Mimi naupenda zaidi mchoro wa 2022. Wengi wangefuta lenzi wakidhani ina ukungu. Mwanafalaki William Herschel alishaandika mwaka 1784 kwamba madoa haya hukua na kupungua kwa majira, tena kwa vioo alivyosugua mwenyewe.

Kibo_usiku: Kwa jicho unayatofautishaje, bi mkubwa?

bi_mkubwa_wa_anga: Filta, kile kichujio cha rangi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho. Ya buluu hulikoleza wingu. Ya nyekundu hulififisha, barafu ikabaki inang'aa. Jaribuni Februari 2027, Mirihi ikitusogelea tena, ingawa kofia itakuwa imeshapungua sana.

mchora_sayari: Plastiki ya buluu ya kufunikia madaftari haifai?

bi_mkubwa_wa_anga: Itakuvurugia picha yote. Nunua ya kioo.