Naomba ushauri: krisanthemumu zimetoa vitumba kabla ya wakati

Habari wakuu. Nimeolewa huku Masan, Korea Kusini, tunalima krisanthemumu nyeupe, zile za misibani. Ua hili likipata usiku mrefu linaanza kuchanua, ndiyo maana tunawasha taa usiku wa manane mpaka mashina yarefuke. Sasa laini moja ya taa ilikufa bila sisi kujua (baba mkwe anaangalia swichi tu, basi). Jana nimekuta vitumba kama punje za mtama, na mashina yananifika magotini! Mafupi hivyo mnunuzi hagusi.

Nikikata ncha na kurudisha taa, yatachipua vizuri? Au ning'oe, nipande vipandikizi vipya? Mliofanya kazi kwenye maua Naivasha na Arusha, nisaidieni.