Deni la sambaza (visamaki vya ziwani) lilipelekwa kwa wanajeshi wakati wa eta de sieji (utawala wa kijeshi wa dharura). Je, bado nadaiwa?

Mama Sambaza, Goma

Habari zenu. Naomba mwenye kujua sheria anisaidie, ila aandike Kiswahili, Kifaransa cha mahakama kilishanichosha.

Miye nauza sambaza tangu 2014. Mwaka 2022 nilichukua mali ya dola 380 kwa mkopo kwa mfanyabiashara mmoja, akaandika kwenye kaye (daftari) yake, nikatia saini. Tulikubaliana wiki mbili. Wakati ule tulikuwa ndani ya eta de sieji, na hapa Goma pikipiki zilikatazwa kuanzia saa kumi na mbili jioni. Sasa boti inafika Kituku, bandarini, saa kumi na moja na nusu, unagombania besini zako, ukipanda barabarani wenye moto (pikipiki) wameanza kurudi kwao. Ukibeba kichwani hadi Majengo unafika giza, wateja wameshafunga milango. Sambaza mbichi haimngoji mtu, asubuhi tumbo limepasuka. Mara tatu niliwapa majirani wafuga bata. Deni likachelewa. Sikulikana, niliomba mwezi mmoja tu.

Yule bwana hakungoja. Alienda auditora (ofisi ya waendesha mashtaka) moja ya jeshi hapa mjini, sitaitaja. Nikaletewa barua ya mwito imeandikwa "abus de confiance", yaani kula amana ya mtu. Nikamuuliza kijana aliyeileta, mwanangu, miye na jeshi tunajuana wapi? Akajibu, mama, siku hizi kila kitu ni kwa wanajeshi. Nililala kasho (mahabusu) usiku mbili, kitenge kimoja chini na kimoja juu. Dada yangu akauza cherehani yake, akaleta zile 380 zote. Zikahesabiwa mezani mbele yangu, nikapewa kikaratasi, nikatoka. Nilidhani yameisha.

Wiki iliyopita bwana huyo amekuja mlangoni na kaye yake. Anasema mikononi mwake zilifika 250, kwa hiyo 130 bado. Nimuulize nani? Wale wa ofisi walitawanyika Januari 2025 mji ulipoanguka, na dosie (faili) sijui ziko wapi. Nauliza: deni langu lilikuwa kazi ya jeshi kweli? Na hizi 130 ni zangu au si zangu?

Karani wa zamani, Bukavu

Pole sana mama. Nilikuwa karani mahakamani miaka mingi, sasa niko nyumbani Kadutu nafuga sungura.

Hapo kuna mambo mawili na watu huyachanganya. Rais Tshisekedi alitia saini eta de sieji tarehe 3 Mei 2021, ikaanza tarehe 6, kwa Kivu Kaskazini na Ituri tu. Sisi Kivu Kusini hatukuwemo. Kifungu cha 144 cha Katiba kinaipa siku 30, zikiisha ni Bunge linaongeza siku 15, tena 15, tena 15. Liliongeza hadi watu wakaacha kuhesabu. Gavana akawa jenerali, na kesi za jinai za raia zikahamia mahakama za kijeshi. Hilo la mwisho Katiba inaliruhusu, angalia kifungu cha 156. Lakini mama, kilichohama ni *jinai*. Deni, kodi ya nyumba, urithi, mipaka ya parsele (kiwanja), hayo ni madai, nayo yalibaki kwa mahakimu wa kiraia.

Ndiyo maana wadai wengi walijifunza kubadilisha jina la kitu. Deni ukiliita deni, litakaa mahakamani miezi. Ukiliita abus de confiance linakuwa jinai, na mdaiwa analetwa kesho yake na mtu mwenye bunduki. Lakini abus de confiance ni pale nimekupa kitu unitunzie, au ukifanyie kazi fulani kwa ajili yangu, wewe ukakigeuza chako. Wewe ulinunua. Ile mali ilikuwa yako tangu ulipotia saini, hata ungewalisha bata wote wa Goma.

Halafu kuna kifungu cha 61. Kinataja mambo ambayo hayaguswi hata kukiwa na eta de sieji: uhai, kutoteswa, haki ya kujitetea na kukata rufaa, uhuru wa dini na mengine machache. Humo humo imo marufuku ya kumfunga mtu kwa sababu ya deni. Wengi hukimbilia kifungu cha 18, kile cha kutomweka mtu mahabusu zaidi ya saa 48. Mimi nisingekutuma huko, maana cha 18 hakimo kwenye orodha ya 61. Deni limo.

Kuhusu 130: hicho kikaratasi bado unacho? Kinasema nini?

Mwenye moto, Goma

Karani amesema vizuri, lakini na sisi tuongee. Mimi moto yangu iliibiwa 2021, na mwizi alijulikana, mtoto wa mtu mkubwa wa kata. Kabla ya hapo ningezungushwa mwaka mzima. Auditora ilimwita baba yake siku hiyo hiyo, na moto ikarudi, ingawa bila kioo kimoja. Kwa hiyo nisidanganye, nilifurahi. Kilichoniumiza ni ile saa kumi na mbili. Jioni njo wakati wetu wa kupata pesa, na wakubwa walipita na magari yao vile vile.

Kijana wa Katuba, Lubumbashi

Yaya, huku kwetu hatukuwa na eta de sieji hata siku moja. Tulionja kufungiwa ndani tu, Machi 2020 wakati wa Covid, gavana alipofunga mkoa mzima wa Haut-Katanga siku mbili. Mama yangu aliuza mboga kupitia tundu la ukuta. Siku mbili! Nyinyi mlikaa miaka. Mimi ningemwambia huyo bwana arudi na kaye yake alikotoka.

Karani wa zamani, Bukavu

Kijana, ukimfukuza ataenda kutafuta mwenye bunduki mwingine. Mama, nikuongezee kitu. Faini ya serikali haitolewi mkononi. Inaandikiwa note de perception (hati ya kulipia) ya DGRAD, idara ya mapato ya serikali, unailipa benki, unarudi na risiti. Kama zile 130 zilikuwa faini, hiyo risiti ingekuwepo. Kama haipo, basi pesa yako ilipita mkono wa mtu aliyekuwa anakusanya kwa niaba ya mdai wako, aliyemchagua mdai mwenyewe. Agombane naye. Wewe ulilipa pale alipokupeleka yeye.

Mama Sambaza, Goma

Aksanti karani. Nimekitafuta tangu asubuhi, nimekikuta ndani ya kadi ya kiliniki ya mtoto. Wino umeanza kuwa wa kahawia. Kifaransa amenisomea jirani: "reçu de la nommée" (zimepokelewa kwa aitwaye), jina langu, "la somme de 380 $ à titre de remboursement", tarehe, saini ambayo ni kama mnyoo, na mhuri nusu. Faini haijatajwa popote. Amesema remboursement ni kulipa deni.

Karani wa zamani, Bukavu

Basi 380 ni deni, na limelipwa lote. Usimpe hicho kikaratasi mkononi, mpe fotokopi. Na usimwache aende na kaye kabla hajapiga mstari kwenye ule ukurasa na kutia saini mbele ya watu wawili.

Mama Sambaza, Goma

Fotokopi nimetoa tatu. Anakuja Jumamosi, na dada yangu, mwenye ile cherehani, amesema atakuwa shahidi wa kwanza.