Tuliojifunza kupiga dramu bila kufundishwa, tupeane uzoefu

Kijiti Kimoja:
Wakuu, salaam. Jumapili kijana mmoja kaniuliza nilisomea wapi kupiga dramu. Nikamjibu nilijifunza mwenyewe, akaondoka na mshangao wake. Usiku nikawa najihoji kama nimemwambia kweli.

Mambo yalianza hivi. Mwaka 2009, Morogoro, vijana tulikuwa na zamu ya kufagia kanisa kila Jumamosi. Mimi nilikuwa najitolea hata zamu zisizo zangu, mchungaji akadhani nimeokoka sawasawa. Kumbe ufagio nilikuwa naumaliza kwa dakika kumi, halafu navua viatu napanda jukwaani. Vijiti vilifungiwa kabatini, kwa hiyo sneya, ile ngoma ya mlio mkali iliyo mbele ya mpigaji, nilikuwa naigonga kwa vidole, na kiki, ile kubwa ya mguu, naikanyaga polepole mlinzi asisikie. Nilikuwa nimemkariri mpiga dramu wetu kwa macho: mguu wa kulia unashuka wapi, mkono wa kushoto unaingia wapi. Siku alipohamia Mbeya kikazi, ibada ya kwanza bila yeye nikasukumwa kwenye kiti.

Nilipiga, watu wakaruka. Tatizo nilikuwa nakimbia. Pambio tunalianza kwa kutembea, tunalimaliza kama tumefukuzwa na mbwa. Mzee wa kinanda alinivumilia wiki tatu, ya nne akaniita pembeni: "Mwanangu, pambio tumelianza wote, mbona umefika peke yako?" Neno lile lilinichoma. Baadaye nikapakua metronomu kwenye simu, kile kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, nikaiweka mapigo 70 kwa dakika. Hiyo sabini ilinitesa kuliko mia na hamsini. Ukipiga haraka makosa yanajificha. Ukipiga taratibu, kati ya pigo na pigo pana uwanja wa mpira, na mkono unataka kuujaza.

Semeni na nyie. Mlianzia wapi, mlikwama wapi, nani aliwakosoa.

Mjukuu wa Muheme:
Mimi ni mwanamke, natokea Dodoma, na nina donge kidogo.

Kwetu Ugogoni ngoma ya muheme ni ya wanawake. Bibi yangu alikuwa anaibana katikati ya mapaja, anaipiga kwa viganja, na wanaume wako pale wanacheza kwa kumfuata yeye. Nimekua nikiona hivyo, sikujua kama duniani kuna mtu anayeona ngoma ni kazi ya wanaume. Tulipohamia mjini nikaenda kwa kiongozi wa sifa kuomba kujaribu dramu. Akaniambia, "Binti, wewe kaa kwenye sauti ya pili." Dada wa sauti ya pili tulikuwa kumi na moja!

Nikajifunza kwa mapaja. Kweli kabisa, mkono wa kulia paja la kulia ndiyo hai-hati, yale matoazi mawili yanayofumbana, mkono wa kushoto paja la kushoto ndiyo sneya, kisigino ndiyo kiki. Kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, popote. Ngumu ilikuwa kuachanisha mguu na mkono: mguu ukishuka mkono nao unashuka, kama wamefungwa kamba moja. Nilichofanya ni kuimba alichopaswa kupiga mguu, "du... du-du...", mikono ikiendelea na yake. Mdomo ulipokijua, mguu ukafuata. Na hilo la kuimba kwanza sikulitoa mtandaoni. Bibi hakuwahi kumwonyesha mtu mkono uwekwe hapa au pale. Alikuwa anakuimbia pigo mpaka ulirudishe kwa mdomo, ndipo anakupa ngoma.

Sasa hivi napiga kila Jumapili ya pili. Yule kiongozi yupo, anapiga makofi.

Ndoo Lita Ishirini:
Mimi nilianzia kwenye ndoo za rangi zilizobaki site, tatu, na sufuria bovu ndiyo toazi. Baba akahamisha godoro langu likaenda stoo. Sina cha kuongeza.

Mwana wa Ilesi:
Hamjambo. Mimi ni wa Kakamega na sijawahi kumiliki dramu za kukalia, lakini naona mada inanihusu.

Isukuti yetu Waisukha na Waidakho ni ngoma tatu zinazokwenda pamoja, wazee huziita baba, mama na mtoto. Unaikwapa chini ya mkono, unaipiga kwa vidole na kiganja. Hakuna shule ya isukuti. Kuna matanga, kuna harusi, na kuna fahali wakipigana asubuhi na mapema, vijana wanakimbia na ngoma mbele ya fahali njia nzima. Mtoto anakimbia nyuma yao. Huko nyuma ndiko darasani.

Mimi nilipewa ile ndogo nikiwa na miaka tisa kwa sababu aliyekuwa nayo alichoka mlimani. Nilikuwa nimeisikia mara elfu, nikadhani naijua. Nikapiga nilichosikia, yaani zote tatu kwa pamoja! Mjomba hakunigombeza, alisema tu, "Hiyo ni ya baba yako. Yako ni gani?" Kusikia muziki na kusikia sehemu yako ndani ya muziki ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo mtu anayejifunza kwa kusikiliza hupotea. Nilikaa msimu mzima nikiwa matangani nasikiliza ngoma moja tu, hizo mbili nazizima kichwani.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wazee walifurahi, ila tatizo ni hao watoto wa kukimbia nyuma. Siku hizi matanga mengi yanakodi spika.

Mjukuu wa Muheme:
Mwana wa Ilesi, samahani kaka, nasikia ngozi ya ngoma zenu ni ya kenge. Ni kweli?

Mwana wa Ilesi:
Ni kweli dadangu. Nyembamba, inalia juu. Sasa hivi kumpata ni kazi, na sheria za wanyama nazo zipo. Ukiwa na ngoma nzuri ya zamani huiazimi mtu.

Shoto:
Natumia mkono wa kushoto. Seti zote nilizokutana nazo zimepangwa kwa ajili ya mtu wa kulia, na huwezi kuhamisha dramu za watu katikati ya ibada kisa mkono wako. Basi nikakaa hivyo hivyo, nikawa naanza rolu, yale mapigo ya mfululizo, na mkono wa kushoto kushuka kwenye tomu, zile ngoma za kati. Mikono ikagongana, ikajikunja, nikavunja kijiti mbele ya askofu. Miaka miwili nikijiona nina kasoro, mpaka nikasoma kwamba Ringo Starr wa Beatles ni wa kushoto anayepiga seti ya kulia, na rolu zake zina ule mkwamo kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Tangu siku ile sijarekebisha kitu.

Ghorofa ya Nne:
Niko Hamburg, ninabeba mizigo bandarini, na dramu nilianza nikiwa na miaka 41. Msicheke.

Nilinunua dramu za umeme, zile za kuvaa hedifoni. Nikajua nimemaliza, sauti haitoki. Siku ya tatu jirani wa chini amesimama mlangoni, kaleta na barua. Kumbe vijiti havisikiki, lakini pedali ya kiki inapiga sakafu, na sakafu yangu ni dari yake. Zulia halikusaidia. Kilichosaidia ni jukwaa: mbao mbili pana, katikati yake mipira ya tenisi iliyozamishwa nusu kwenye matundu, dramu zinakaa juu. Mtikisiko unakufa kwenye mipira. Jirani sasa ananisalimia.

Kingine, video nyingi za kufundisha ni za Kiingereza, mikono inaandikwa R na L. Nilipotaka kujiandikia kwa Kiswahili nikakwama: kulia na kushoto zote zinaanza na K! Nikaamua kukata, nasema "lia" na "shoto". Lile zoezi maarufu la paradidli linakuwa lia-shoto-lia-lia, shoto-lia-shoto-shoto. Jaribuni kulisema kwa sauti, lina wimbo wake. Ninalisema nikipanga makontena na wenzangu wamezoea.

Mwalimu Mstaafu wa Bendi:
Wanangu, stori ni tamu lakini naomba nitie maji kwenye mvinyo wenu.

Nilijifunza mwenyewe miaka sita. Nilikuwa nashika kijiti kama mtu anayeshika panga, ngumi nzima, kidole gumba juu, naminya. Malengelenge niliyaona ni medali. Mwaka wa saba kifundo cha mkono kilianza kuwaka, kikombe cha chai nikawa nakishika kwa mikono miwili. Nilipopata mtu wa kunitazama alitumia dakika tano tu. Aliniambia nishike kati ya gumba na kidole cha shahada, vidole vingine vikae vimelegea, kijiti kiachwe kiruke chenyewe kikigonga ngozi. Ngozi inakirudisha, wewe ni wa kukipokea tu. Dakika tano, baada ya miaka sita. Kuliondoa lile zoea la zamani kulinichukua mwaka na nusu.

La pili ni masikio, na hapa hakuna aliyegusa. Kipimo cha watu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na robo saa, na dramu kwenye chumba cha bati zinafika huko bila taabu. Sikio langu la kushoto, upande wa hai-hati, linapiga filimbi usiku kucha. Nunueni vizibo, ni bei ya soda mbili.

Kijiti Kimoja:
Shikamoo mzee wangu. Nimekupata. Lakini Tony Allen, yule wa Lagos aliyempigia dramu mwanamuziki Fela Kuti, si alijifunza mwenyewe akiwa fundi kwenye kituo cha redio?

Mwalimu Mstaafu wa Bendi:
Marahaba. Ndiyo, alijifunza mwenyewe, akiwa na sahani za Art Blakey na Max Roach, wapiga dramu wa jazi wa Marekani, masikioni. Ulishawahi kusikiliza sahani moja mpaka ukajua mpigaji anapumua wapi? Hiyo nayo tuiite kujifunza peke yako?

Bin Kidumbaki:
Assalaam alaykum. Miye wa Unguja. Kwetu kidumbaki tulijifunza harusini, mana huko ndiko kunakopigwa: ngoma mbili ndogo, fidla, sanduku la kamba moja, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, na cherewa za kutikisa. Mtoto hapewi ngoma, anapewa cherewa atikise. Utatikisa cherewa mpaka mkono ufe ganzi, na ukiteleza kila mtu anajua. Miaka miwili nimetikisa. Nilipopewa ngoma nilikuta sina kazi ya kujifunza wakati, wakati ulikuwa umeshaniingia mwilini. Nyinyi wa metronomu, huyo ndiye metronomu wetu.

Msikilizaji wa Goma:
Jambo kwenu wote. Mimi shule yangu ilikuwa kaseti za baba. Zaiko Langa Langa, bendi ya Kongo, hasa sebene, ile sehemu ya kuchezea, pale mpiga dramu wao Meridjo Belobi anaposhika mdundo wa kavacha. Huku watu hupenda kusimulia kwamba mdundo ule ulitoka kwenye mlio wa treni. Ukiusikiliza utaelewa kwa nini: kiki inakanyaga kila pigo bila kuruka, sneya inazunguka juu yake kama magurudumu. Nilikuwa narudisha kaseti kwa kalamu ili betri zisiishe. Kurudisha kwa kalamu kunachukua muda, na katika muda ule unabaki na mdundo kichwani peke yako, hakuna redio ya kukusaidia. Nadhani nilijifunza zaidi wakati wa kalamu kuliko wakati wa muziki.

Babu wa Redio:
Mmenikumbusha ngoma ya taarifa ya habari, Radio Tanzania. Ile alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, asiyeona, akizungukwa na ngoma nyingi anazipiga mwenyewe. Kila ikilia nami nagonga meza ya chakula kufuatisha. Mama alikuwa na mwiko karibu. Nagonga, nakwepa, nagonga.

Mama Junia:
Jamani nimesoma yote. Mwanangu ana miaka minane, anapiga sufuria zangu zote zimeingia mabonde. Ninunue dramu au nimtafutie mwalimu? Dramu nimeulizia, bei yake ni pikipiki.

Mwalimu Mstaafu wa Bendi:
Usinunue dramu. Nunua vijiti na kipande cha mpira wa tairi ugundishe kwenye ubao. Mtafutie mtu amtazame mikono mara moja kwa mwezi, basi.

Ndoo Lita Ishirini:
Na umfichie sufuria ya pilau.

Mjukuu wa Muheme:
Mama Junia, bibi yake yupo hai? Anatokea wapi? Kabla ya vijiti mpeleke huko likizo moja, akae karibu na ngoma yoyote inayopigwa. Nakuomba tu usimwambie anakwenda kujifunza.

Mama Junia:
Bibi yupo Mpwapwa. Ana ngoma mbili chini ya kitanda, mbona sikuwaza.