Mkuu wa shule kuita polisi: nidhamu au kesi?

Mleta mada: Nikiwa kidato cha tatu niliona wavulana saba wakipakiwa kwenye landrova ya polisi, sisi wengine tumepanga mistari gwarideni tunatazama. Maharagwe yalikuwa na wadudu, watu wakagoma kula, vioo viwili vya bwalo vikavunjika. Mmoja wa wale saba alikuwa na soksi mguu mmoja tu, kwa jinsi alivyoburutwa kutoka kitandani. Walilala kituoni siku mbili. Aliyevunja vioo hakuwemo. Bweni zima lilimjua.

Bweni likichomwa, hiyo ni jinai, polisi waje. Shule ya Kyanguli kule Machakos, Kenya, Machi 2001, waliteketea wavulana 67, na jambo kama lile huwezi kumwachia mwalimu wa ushauri nasaha. Ila siku hizi OCS, mkuu wa kituo cha polisi, anaitwa hata kwa simu iliyofichwa ndani ya godoro.

Halafu kuna cheti cha maadili mema, kile cha polisi. Mwaka 2018 DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ilionya kwamba mwanafunzi akipatikana na kosa la kuchoma shule, rekodi hiyo itamfuata hadi kwenye cheti. Wakenya mnajua cheti hicho kinavyoitishwa kila unapotafuta kazi. Mtoto anakosa akiwa na miaka 15, analipa tena akiwa na 25.

Mchangiaji, mwalimu: Ndugu, umewahi kushika zamu ya usiku, walimu wawili na bawabu mmoja, wanafunzi elfu moja na ushee? Viboko mlituondolea 2001. Wazazi hawashiki simu. Nimebaki na nani?

Mleta mada: Pole mwalimu, kazi yenu naiheshimu. Lakini hilo la viboko silimezi. Shule ya St. Kizito, 1991, wasichana 19 walikufa usiku ule wavulana walipovamia bweni lao. Nyeri, 1999, viranja wanne walichomwa wakiwa wamelala. Miaka hiyo yote kiboko kilikuwa halali, na kilichapa kwelikweli.

Mchangiaji, mzazi: Mnazungumza kana kwamba kituoni kuna chumba cha watoto. Katiba, kifungu cha 53, inasema mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo, tena atengwe na watu wazima. Wangu alilala sakafuni nyuma ya kaunta. Afisa wa zamu alimwonea huruma, hakutaka kumchanganya na walevi. Kosa lenyewe? Kuruka ua. Na Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12, lakini huyu ana 16, kwa hiyo haikumsaidia kitu.

Mchangiaji, mwalimu: Mama, pole sana, hilo halikufaa. Lakini nijibu: saa nane usiku nanusa petroli karibu na bweni, nimpigie nani?

Mchangiaji, mzazi: Watoe watoto nje kwanza, kisha piga polisi, na mimi sitakulaumu. Ila akiruka ua, mwalimu, nipigie mimi. Namba yangu mnayo ofisini tangu alipoingia kidato cha kwanza, na siku ile haikulia hata mara moja.