Mtu akipanga upya video za wengine, kazi yake ni ipi?

Mpenda Filamu:
Wakuu, salaam. Nimetazama "Soundtrack to a Coup d'Etat" ya Mbelgiji Johan Grimonprez, ile ya 2024 inayomhusu Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Saa mbili na nusu, na karibu zote ni video za zamani: taarifa za habari, vikao vya Umoja wa Mataifa, wapiga jazi jukwaani. Sasa yeye kafanya nini hasa? Naomba kueleweshwa.

Mkata Klipu:
Mkuu, kuediti ndiko kunakoniweka mjini, harusi na matangazo, kwa hiyo nakujibu kwa upande huo. Kazi yake iko pale kipande kinapokutana na kipande.

Mchukue Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi. Oktoba 1960 Marekani ilimpeleka Léopoldville, Kinshasa ya leo, watu wakampokea kwa shangwe na kumbeba juujuu kwenye kiti. Mji huohuo, Lumumba alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake. Baadaye Armstrong akaenda kupiga Katanga, jimbo lililojitenga chini ya Tshombe, na Januari 17, 1961 Lumumba akauawa hukohuko Katanga. Video ya Armstrong peke yake ni furaha tupu. Ikikaa ubavuni mwa Lumumba, tarumbeta ileile inakuchoma moyo, na hakuna aliyesema neno.

Halafu kuna matangazo ya iPhone na Tesla, kayachomeka katikati ya picha za miaka ile. Hapo nilirudisha nyuma mara kadhaa. Unatoka kwenye nyeusi na nyeupe iliyochakaa, ghafla rangi inang'aa, gari jipya linateleza. Madini ya Kongo yanayoingia kwenye simu na magari hayo unayakumbuka mwenyewe.

Binti Likasi:
Kaka, asante. Sisi mgodi wa Shinkolobwe ni jirani, urani ya bomu la Hiroshima ilitoka hapo kwa sehemu kubwa. Lakini picha nyingi za nchi yetu zimehifadhiwa Ulaya na Marekani. Mtu wa huku akizitaka, hata za sekunde chache tu, anatajiwa bei isiyoshikika.

Mkata Klipu:
Dada, hilo linaniuma hata mimi. Ndiyo maana nampa Grimonprez heshima kwa jambo moja: chanzo anakiandika palepale kwenye skrini, kitabu na ukurasa, ukitaka kufuatilia unafuatilia. Na In Koli Jean Bofane, mwandishi Mkongo, anasoma maandishi yake kwa sauti yake mwenyewe.

Mkuu, itafute na filamu yake nyingine, "dial H-I-S-T-O-R-Y" ya 1997, kuhusu utekaji wa ndege. Tazama muziki anavyoupachika juu ya taarifa za habari.